Programu Simamizi ya Kompyuta Yangu ya Biti Nane

Kompyuta niliyoiunda nyumbani kwangu hapa Dodoma ina RAM (kumbukumbu ya kazi, inayofutika umeme ukizimwa) ya kilobaiti 32, inakwenda kwa kasi ya megahetsi moja, na haina skrini wala kibodi yake yenyewe. Simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa madukani Majengo inaizidi kwa kila kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukitaja. Hata hivyo, hii ndiyo kompyuta pekee ninayoweza kusema kwamba naijua yote: najua kila waya wake unatoka wapi na unaishia wapi, na hakuna baiti hata moja niliyoiweka katika ROM yake (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa) ambayo siwezi kueleza kazi yake. Kwa mtu anayefundisha fizikia, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichora malango ya NAND (saketi ndogo ambazo tokeo lake huwa sifuri pale tu maingizo yote yanapokuwa moja) ubaoni bila kuwa na kitu cha kuwaonyesha wanafunzi mahali malango hayo yanapofanya kazi, ujuzi wa namna hiyo una thamani kubwa.

Wanaoandika kuhusu kompyuta za kujiundia mara nyingi hutumia nguvu zao katika nyaya na chipu, kisha programu wakaigusa mwishoni kwa haraka. Mimi nyaya nitazieleza kwa kadiri zinavyohitajika, lakini nitakaa zaidi kwenye programu simamizi, yaani ile programu ndogo inayokaa katika ROM, inayoanza kazi mara tu umeme unapowashwa, na inayompa mtu uwezo wa kusoma kumbukumbu, kuibadilisha, na kuiamuru prosesa itekeleze maagizo kuanzia anwani anayoitaka. Naamini kwamba ubao wenye prosesa, RAM na ROM bado haujawa kompyuta mpaka uweze kuulizwa swali na ukajibu, na kwamba programu simamizi nzuri ni ile inayojibu maswali ambayo mjenzi atayauliza siku ambayo kitu hakifanyi kazi.

Prosesa niliyoichagua ni 65C02, ambayo ni mzao wa 6502 iliyotolewa na kampuni ya MOS Technology mwaka 1975. Chuck Peddle na wenzake waliiuza kwa dola 25 wakati ambapo prosesa za washindani ziliuzwa kwa mamia ya dola, na bei hiyo ndiyo iliyoifikisha mikononi mwa watu wa kawaida. Apple I ya mwaka 1976, Apple II ya mwaka 1977 na BBC Micro ya mwaka 1981 zote ziliitumia, na Commodore 64 ya mwaka 1982 ilitumia ndugu yake, 6510. Ina rejista chache mno: A ya kufanyia hesabu, X na Y za kuhesabia nafasi, kielekezi cha rundo (eneo la kumbukumbu ambamo prosesa huweka kwa muda vitu vya kuvirudia), rejista ya hali, na kihesabu kinachoonyesha anwani ya agizo linalofuata. Mwanafunzi anaweza kuzikariri zote kabla kipindi hakijaisha. Zaidi ya hayo, bado inatengenezwa. Zilog ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza Z80 ya asili, iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1976 na ambayo ingekuwa chaguo langu la pili, ilhali 65C02 mpya zinaendelea kutolewa na Western Design Center ya Arizona, Marekani. Tena toleo hilo jipya, W65C02S, lina sifa moja ninayoithamini kuliko kasi: mapigo ya saa yanaweza kusimamishwa kabisa, hata kwa muda mrefu, na prosesa ikaendelea baadaye pale pale ilipoishia. 6502 ya kale haikuweza, kwa sababu ilipoteza yaliyomo katika rejista zake mapigo yalipokaa muda bila kuja.

Prosesa hii ina nyaya 16 za anwani, kwa hiyo inaona anwani 65,536, kuanzia 0000 hadi FFFF kwa hesabu ya heksadesimali, yaani ya tarakimu 16, 0 hadi 9 kisha A hadi F. Mjenzi hana uhuru kamili wa kuzigawa anwani hizo, kwa sababu prosesa yenyewe imekwisha kuweka masharti. Ukurasa wa sifuri, yaani anwani 0000 hadi 00FF, pamoja na rundo linalokaa 0100 hadi 01FF, lazima viwe ndani ya RAM. Kwa upande mwingine, prosesa inapoanzishwa upya huenda kwanza kusoma anwani FFFC na FFFD ili ijue programu inaanzia wapi, kwa hiyo huko juu lazima kuwe na ROM. Basi RAM hukaa chini, ROM juu, na vifaa vingine katikati.

Mgawanyo wangu unatumia chipu mbili ndogo tu. Waya wa anwani A15 unakwenda moja kwa moja kwenye pini inayoichagua RAM ya 62256, ambayo huitika inapopewa sifuri, na hivyo nusu yote ya chini, 0000 hadi 7FFF, inakuwa RAM bila kutumia lango lolote. A15 na A14 zinaingia katika lango moja la NAND la chipu ya 74HC00, na tokeo lake linaichagua EEPROM ya 28C256 (ROM inayoweza kuandikwa upya kwa umeme) katika anwani C000 hadi FFFF. Lango la pili linaugeuza waya wa kusoma na kuandika, na tokeo lake linafanya kazi mbili kwa pamoja: linairuhusu kumbukumbu kutoa data wakati wa kusoma, na pia linaingia katika lango la tatu pamoja na pigo la saa ili kutoa amri ya kuandika. Pigo hilo la saa lina umuhimu wake. RAM ikiruhusiwa kuandikwa kabla nyaya za anwani hazijatulia, baiti inaweza kutua katika anwani isiyo yake, na hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuikamata kwa sababu huonekana leo na kesho ikajificha. Robo iliyobaki ya anwani, 8000 hadi BFFF, inagawanywa na 74HC138 kuwa vipande viwili vya kilobaiti 8 kila kimoja: kimoja cha chipu ya siriali ya 6551, inayotuma na kupokea data biti moja baada ya nyingine, na kingine cha 6522 yenye poti mbili za biti nane. Kuipa chipu yenye rejista nne tu eneo la kilobaiti 8 ni ufujaji mkubwa wa anwani, lakini anwani ninazo tele, na kila lango lisilokuwepo ni lango lisiloweza kuharibika.

Sijapata duka la Dodoma linalouza 65C02, kwa hiyo chipu kuu niliziagiza kwa intaneti. Vingine vyote vilipatikana hapa hapa. Rezista, taa za LED na zile kapasita za nanofaradi 100 ambazo lazima kila chipu iwe nayo karibu na pini yake ya umeme, zilitoka katika mabodi mabovu ya redio na televisheni ambayo mafundi wa mjini huyahifadhi kwa ajili ya kuchopoa vipuri. Waya mzuri kuliko wote wa kuunganishia niliupata katika vipande vya nyaya za mtandao vinavyobaki mafundi wanapomaliza kazi maofisini, na tangu serikali ihamie hapa kazi hizo hazikosekani. Ndani ya kipande kimoja kuna nyuzi nane za shaba ngumu, zenye rangi tofauti, zinazoingia barabara katika matundu ya bredibodi, yaani ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu. Anayeagiza chipu kwa intaneti awe mwangalifu. Muuzaji mmoja alinitumia prosesa iliyofutwa maandishi yake ya asili na kuandikwa upya kwamba ni ya kisasa, kumbe ilikuwa 6502 ya kale. Huwezi kuziwekea moja mahali pa nyingine bila kubadili nyaya, kwa sababu katika 6502 ya kale pini ya 1 huunganishwa na ardhi, wakati katika W65C02S pini hiyo hiyo ni ya kutoa ishara, na kuifunga kwenye ardhi kunaweza kuiharibu chipu mpya. Kipimo rahisi ni mita: W65C02S kwa megahetsi moja hunywa miliampea chache tu, ilhali ya kale hunywa makumi ya miliampea na zaidi, na ukiigusa unaisikia ina joto.

Kuhusu umeme, ubao wote unahitaji volti 5 zilizotulia. Nilipendelea kutumia pawabenki ili mgawo wa umeme usinikatize kazi, lakini pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapoona mkondo unaovutwa ni mdogo mno, nazo chipu zangu, za aina ya CMOS, huvuta mkondo mdogo mno. Betri ya volti 12 iliyotoka katika UPS ya zamani, pamoja na chipu ya 7805 ya kushushia volti, inafanya kazi bila kusumbua. Kwa miliampea 100, volti 7 zinazopotea ni wati 0.7 za joto, ambazo kipande kidogo cha bati kinatosha kuziondoa. Pia hali ya hewa ya hapa ina madai yake. Katika miezi ya kiangazi, upepo mkavu wa Dodoma hulimbikiza umeme tuli katika nguo na mazulia kiasi cha mtu kushtuka akigusa kitasa, na mshtuko ambao kidole hakiujali unaweza kuiua chipu ya CMOS. Sigusi chipu kabla sijagusa chuma kilichounganishwa na ardhi.

Kabla ya kuweka ROM yoyote, prosesa inapaswa kuthibitishwa peke yake. Jaribio la kufanyia kazi hiyo ni la zamani na ni zuri sana. Nyaya nane za data zinafungwa kwa rezista za kiloomu moja kwenye volti 5 au kwenye ardhi ili zisomeke 11101010, ambayo ni EA, msimbo wa agizo la NOP lisilofanya lolote. Prosesa ikisoma anwani yoyote inakuta NOP, inaitekeleza, inasogea kwenye anwani inayofuata, inakuta NOP tena. Mapigo ya saa yakitolewa polepole na chipu ya 555, na taa za LED zikifungwa kwenye nyaya za anwani, mtu anaona anwani zikihesabu kwa namba za jozi, yaani za sifuri na moja, zikipanda hatua moja kwa kila mapigo mawili, kwa sababu NOP hutumia mapigo mawili. Wanafunzi wa kidato cha sita waliowahi kuliona jaribio hili hawakuhitaji kuelezwa tena kihesabu cha programu ni nini. Naliona kuwa ndilo somo bora kuliko yote yanayopatikana katika ujenzi wote, na mwenye kulipita haraka ili afike kwenye ROM anajinyima.

Baada ya hapo ROM ya kwanza isifanye kitu kingine zaidi ya kutuma herufi moja kwenye siriali bila kukoma. Chipu ya 6551, ikipewa kristali ya megahetsi 1.8432, inatengeneza yenyewe kasi ya baudi 19,200, yaani biti 19,200 kwa sekunde. Upande wa pili kuna kebo ya USB inayobadilisha ishara hizo na kompyuta ya mkononi yenye programu ya terminali. Herufi ikionekana kwenye kioo, maana yake prosesa, ROM, malango na siriali vyote vinakubaliana. Hapo ndipo programu simamizi inapoanza kuandikwa.

Haja ya programu ya namna hii ilionekana mapema katika historia ya kompyuta hizi. Altair 8800 ya mwaka 1975 ilikuwa na safu ya swichi mbele yake, na mtu aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, baiti moja baada ya nyingine. KIM-1 ya mwaka 1976 ilikuja na programu simamizi ya kilobaiti 2 katika ROM, pamoja na vibonye vya heksadesimali na tarakimu sita za mwanga. Mwaka huo huo Steve Wozniak aliiwekea Apple I programu simamizi ya baiti 256 tu, iliyokaa FF00 hadi FFFF, ambayo iliweza kuonyesha kumbukumbu, kuiandika na kuendesha programu kutoka kwenye kibodi. Kuisoma ile ya Wozniak agizo kwa agizo ni jambo ninalompendekezea kila anayetaka kujifunza, kwa sababu hakuna baiti iliyokaa bure humo. Lakini sikuona sababu ya kumwiga katika ubanaji. Yeye alikuwa na baiti 256, mimi nina kilobaiti 16, na nafasi hiyo nimeitumia kuifanya programu iseme waziwazi kile inachokiona.

Amri zake ni za herufi moja moja, na zimetokana na Kiswahili: S ya kusoma kumbukumbu, W ya kuweka baiti, J ya kujaza eneo kwa baiti moja, N ya kunakili, T ya kutekeleza, R ya kuonyesha rejista, P ya kupakia programu kutoka kwenye siriali, na U ya uhakiki wa RAM. Uchaguzi huu una sharti moja ambalo msomaji makini ameshaliona. Hakuna amri inayotumia herufi A hadi F, kwa sababu herufi hizo ni tarakimu za heksadesimali. Kwa sharti hilo, programu inaweza kusoma mstari herufi kwa herufi na kujua papo hapo kama imeona amri au imeona namba, bila kujali nafasi zilizoachwa wala mpangilio.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika msimbo wenyewe ni ile ya kugeuza herufi kuwa tarakimu. Katika ASCII, yaani jedwali la namba zinazowakilisha herufi, 0 hadi 9 ni 30 hadi 39 kwa heksadesimali, na A hadi F ni 41 hadi 46, kwa hiyo kati ya 9 na A kuna pengo la nafasi saba. Njia ya kawaida ni kulinganisha mara nne: je, ni ndogo kuliko 30, ni kubwa kuliko 39, na kadhalika. Njia ya Wozniak ni fupi zaidi. Herufi inafanyiwa EOR na 30 (biti zinazofanana zinatoa sifuri, zinazotofautiana zinatoa moja), na tarakimu 0 hadi 9 zinageuka papo hapo kuwa thamani zake. Iliyobaki ikiwa 0A au zaidi, inaongezwa 88 pamoja na biti ya kubebea ambayo ulinganisho uliotangulia umekwisha kuiwasha, yaani 89. Na kwa kuwa 41 kwa EOR na 30 ni 71, herufi A inatoka ikiwa FA na F inatoka ikiwa FF. Ulinganisho mmoja na FA unatosha kuzikataa herufi zote zisizo tarakimu, na biti nne za chini tayari ndizo thamani inayotakiwa. Nimeliandika jambo hili ubaoni mbele ya darasa la hesabu za heksadesimali, na furaha ya wanafunzi pale jumla ilipotoka sawasawa ilikuwa ya kweli.

Amri ya W nimeipa wajibu ambao programu nyingi ndogo za kale hazikuwa nao. Baada ya kuweka kila baiti inairudia kuisoma, na iliyosomwa ikitofautiana na iliyowekwa, inaandika anwani ile na neno HAIANDIKIKI. Gharama yake ni maagizo machache. Faida yake ni kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu ramani ya kumbukumbu inajieleza yenyewe. Binti mmoja wa kidato cha tano aliniuliza, “Mwalimu, mbona 7FFF imekubali na C000 imekataa?” Nilimwambia aendelee kujaribu anwani nyingine mpaka aupate mpaka wenyewe, na hakuchukua muda kurudi na ramani yote aliyoichora katika daftari, ikiwemo ile sehemu ya 8000 ambako majibu yanabadilika kila unaposoma, kwa kuwa hapo si kumbukumbu bali ni siriali inayoendelea na kazi zake.

Uhakiki wa RAM unastahili maelezo zaidi, kwa sababu wengi huufanya kwa njia isiyotosha. Kuweka 55 kisha AA katika kila seli na kuzisoma mara moja kunathibitisha nyaya za data tu. Waya wa anwani ukiwa umelegea, jaribio hilo linapita bila lalamiko, kwa sababu kila seli inayoandikwa ndiyo hiyo hiyo inayosomwa, hata kama ni seli isiyostahili. Hilo lilitokea kwangu ubao ulipokuwa bado kwenye bredibodi. Programu iliyokuwa ikienda vizuri iliacha kufanya kazi, wala hakuna waya ulioonekana kuchomoka. Kwa amri ya W niliweka 11 katika 0300 na 22 katika 0380, kisha nikaisoma 0300, nikaikuta ina 22. Anwani hizo mbili zinatofautiana kwa biti moja tu, nayo ni A7. Tundu moja la bredibodi lilikuwa limeingia vumbi na kupoteza ubanaji wake, na vumbi Dodoma halina mwaliko. Kutokana na hilo amri ya U inafanya kazi kwa raundi mbili: kwanza inalijaza eneo lote, kila seli ikipewa thamani inayotokana na EOR ya baiti ya juu na baiti ya chini ya anwani yake, ndipo inaporudi mwanzo kusoma, kisha inarudia yote kwa thamani zilizogeuzwa. Anwani mbili zinazotofautiana kwa biti moja haziwezi kupata thamani sawa kwa hesabu hiyo, kwa hiyo waya mmoja ukilegea lazima ujulikane, na programu inautaja kwa jina. Ubao wenyewe sasa umelehemiwa kwa risasi.

Jambo lingine nililolifikiria kwa muda ni nini kifanyike mtu anapobonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Inavutia kuifuta RAM yote ili kila kitu kianze kikiwa safi, lakini mtu anabonyeza kitufe hicho hasa programu yake inapokuwa imekwama, na wakati huo ushahidi wa kilichotokea umo katika RAM ile ile. Programu simamizi yangu haigusi chochote isipokuwa sehemu ya rundo inayoitumia yenyewe, baiti 16 za mwisho za ukurasa wa sifuri, F0 hadi FF, pamoja na ukurasa wa 0200 inamohifadhi mstari uliochapwa. Anayetaka RAM safi aamuru J mwenyewe, na namshauri ajaze kwa 00, kwa sababu 00 ni msimbo wa agizo la BRK: programu ikipotea njia na kuangukia eneo tupu, inakamatwa hapo hapo badala ya kuendelea kutangatanga.

BRK ndiyo msingi wa amri ya R. Agizo hilo huisimamisha programu na kuipeleka prosesa kwenye anwani iliyoandikwa katika FFFE na FFFF. Mlango huo ndio huo huo unaotumiwa na makatizo ya vifaa, yaani ishara za vifaa vinavyoitaka prosesa iache kazi yake kwa muda ivihudumie, kwa hiyo programu simamizi hutazama biti ya 4 ya rejista ya hali iliyowekwa katika rundo, ambayo huwa moja kwa BRK na sifuri kwa katizo la kifaa. Ikishajua kwamba ni BRK, inahifadhi rejista zote na kuandika mstari kama huu: BRK 0307 A=41 X=00 Y=05 P=34 S=FD. Anwani ambayo prosesa huiweka katika rundo ni ile ya BRK kuongeza mbili, hivyo programu hupunguza mbili kabla ya kuionyesha; bila kupunguza huko, msomaji angepelekwa pasipohusika. Katika 65C02, BRK pia huizima biti ya hesabu za desimali, jambo ambalo 6502 ya kale haikulifanya, na ambalo linaiokoa programu simamizi isikosee hesabu zake kwa sababu ya hali iliyoachwa na programu nyingine.

Kuchapa baiti kwa mkono kunatosha kwa programu fupi. Kwa ndefu, msimbo unaandikwa kwenye kompyuta ya mkononi, unapitishwa katika asembla ya ca65 (programu inayogeuza majina ya maagizo kuwa baiti), na kutumwa kwa muundo wa Intel HEX, ambao umekuwapo tangu miaka ya 1970 na bado unatumika. Kila mstari unaanza kwa nukta mbili, unafuatwa na idadi ya baiti, anwani, aina ya mstari, data, na mwishoni baiti ya uhakiki iliyopangwa ili jumla ya baiti zote za mstari, ikichukuliwa baiti ya chini tu, iwe sifuri. Nilikuwa na wasiwasi kama prosesa ya megahetsi moja ingeweza kuupokea muundo huo bila kulazimika kumwambia mtumaji asubiri. Hesabu iliondoa wasiwasi huo. Kwa baudi 19,200, herufi moja yenye biti 10 huchukua takribani maikrosekunde 520, yaani mapigo 520 ya saa, na agizo la wastani linatumia mapigo matatu au manne. Kati ya herufi moja na inayofuata kuna nafasi ya maagizo zaidi ya 120, na kugeuza tarakimu mbili, kuiweka baiti na kuongeza jumla hakuhitaji hata nusu yake. Mstari ukifika na jumla isiyo sifuri, programu inaandika namba ya mstari na neno UMEHARIBIKA, na inaendelea kupokea iliyobaki ili mtumaji ajue makosa yote kwa mara moja.

Kuna uamuzi mwingine ambao faida yake haikuonekana mara moja. Vipande vya programu simamizi ambavyo programu nyingine huvihitaji, kama kutoa herufi na kupokea herufi, haviitwi kwa anwani zao halisi, kwa sababu anwani hizo hubadilika kila ninapoongeza kitu katika ROM. Badala yake kuna jedwali la maagizo ya JMP (ya kuruka kwenda anwani nyingine) linaloanzia FF00, kila moja likichukua baiti tatu: FF00 ni kurudi kwenye programu simamizi, FF03 ni kutoa herufi, FF06 ni kupokea. Jedwali halihami. Vivyo hivyo anwani ya makatizo katika ROM inaelekeza kwenye RAM, ili programu ya mtumiaji iweze kuweka anwani yake yenyewe bila kuandika EEPROM upya. Programu ya kwanza ninayowapa wanafunzi kuichapa ina baiti sita tu:

W 0300 A9 41 20 03 FF 60
T 0300

A9 41 inaiweka 41 katika rejista A, 20 03 FF inaita FF03, na 60 inarudi. Kwenye kioo inatokea herufi A. Kisha wanaambiwa wapate herufi ya kwanza ya majina yao bila kuambiwa ni baiti ipi ya kubadili, na hapo maswali huanza kuja yenyewe: kwa nini 03 imetangulia FF, kwa nini 60 ikiondolewa programu inaishia kwenye mstari wa BRK, na kwa nini mstari huo unataja anwani ile na si nyingine. Yote hayo yanajibika kwa S na R, bila mwalimu kutaja jibu.

Programu yote pamoja na maandishi yake ya Kiswahili haifiki kilobaiti 2, na sehemu kubwa ya ROM bado ni FF tupu. Kinachofuata ni kuitumia 6522 iliyo katika A000. Ndani yake kuna saa ya T1 inayoweza kuhesabu mapigo na kutoa katizo hesabu inapofika mwisho. Ikipangiwa idadi ndogo ya mapigo, inayotosha tu kwa programu simamizi kurejesha rejista na kutoka kwa agizo la RTI (la kurudi pale programu ilipokatizwa), katizo litafika wakati programu ya mtumiaji imetekeleza agizo moja tu, na rejista zitaonyeshwa kabla ya agizo la pili. Njia hii inafanya kazi kwa programu iliyo katika RAM na hata kwa iliyo katika ROM, mahali ambapo BRK haiwezi kupandikizwa, isipokuwa pale programu ya mtumiaji ilipoyafunga makatizo kwa SEI. Herufi H, ya hatua, nimeiacha wazi kwa ajili ya amri hiyo.